Shikamoo ya Mashine ya Sita

"Tega chambo kabla ya saa nane mchana. Wauaji wameshavuka mpaka. Mwisho."

Kuluthumu alizima redio ya polisi, Motorola, akaitia mkobani. Pale kwenye ofisi ya wakimbizi Nyamiaga, mwaka 2007, walimjua kama fundi wa kompyuta. Bastola iliyokuwa chini ya baibui hawakuijua.

Aliyeuza majina ya wakimbizi alikuwa chumba cha pili, anatafuna mguu wa mbuzi. Philbert, karani wa orodha. Jumapili aliwaombea wajane kanisani. Jumatatu aliwauza kwa waliowaua waume zao.



Leo ilikuwa zamu ya Uwimana, shahidi wa mauaji hayo, aliyefichwa kijiji cha Keza na wanawe watatu. Philbert alikuwa akipekua kompyuta zote tano za ofisi kupitia mtandao, akitafuta nyumba yake.

Chambo kilikuwa ndani ya ThinkPad, kompyuta mpakato ya Kuluthumu: kompyuta ya kubuni, programu tu, ikiendeshwa ndani ya mfumo wa Linux, yenye orodha ya uongo. Aliipa jina MKUU. Lakini ilijificha nyuma ya ThinkPad, mtandaoni haikuonekana. Ilihitaji daraja la mtandao, isimame kwa anwani yake yenyewe, kama mashine ya sita.

Saa saba na dakika arobaini.

Akaunda daraja, br0. Akaliunga na Wi-Fi. Likagoma. Shenzi! Akachomeka waya, akaiingiza eth0, tundu la waya huo, darajani.

ThinkPad ikapotea mtandaoni. MKUU nayo kimya.

"Fundi, mtandao unasumbua?" Philbert mlangoni, midomo inang'aa mafuta.

"Shikamoo mzee. Dakika moja tu."

"Marahaba. Harakisha, binti. Kuna watu wananisubiri."

Watu! Kuluthumu alimeza kinyaa chake, akatazama skrini. Anwani ilikuwa imebaki kwenye eth0. Akaifuta, akaliombea daraja lenyewe anwani mpya. Akaiwasha MKUU upya.

Ikapata anwani: 192.168.1.17.

Mashine ya sita ilikuwa hewani.

Saa nane kasoro dakika mbili, Philbert alinakili orodha ya MKUU. Akanong'ona kwenye simu yake ya Nokia: "Uwimana yuko Nyabusozi. Nyumba ya bati jekundu, nyuma ya shule."

Nyumba hiyo ilikuwa na polisi kumi na wawili.

Saa kumi na moja Kuluthumu akawasha redio, ikakoroma. "Wanne. Wote wana pingu. Shahidi salama. Mwisho."

Kuluthumu aliingia chumba cha pili bila kubisha, bastola mkononi.

"Hee, binti! Hata salamu huna?"

"Ile shikamoo ya mchana naifuta. Mikono nyuma."

Alipomkabidhi kwa polisi, alikwenda kwenye tangi la maji, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Kisha akapanda pikipiki yake, akaondoka.