Gongo Jipya

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, Nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa magongo alikimbilia stoo ya michezo kutoa magongo. Gongo la mwenzake Taratibu alilitambua kwa kuligusa tu. Mpini wake ulizongwa utepe juu ya utepe, kama kidonda kisichopona.

Siku ya kufunga msimu, wazazi wakiwa wamekuja kutazama, Mwalimu wa michezo alimkabidhi Nahodha gongo jipya.

"Mpe mfungaji bora wa msimu. Umecheza na wenzako mechi zote, wewe ndiye unayejua."

Nahodha hakuwaza mara mbili. Katika mechi ya mwisho, mwenzao Radi alipachika mabao matatu peke yake, uwanja mzima ukalipuka. Kelele zile zilikuwa bado zinamlia masikioni.

"Radi!" akaita.

Timu ikashangilia. Taratibu naye alipiga makofi, kisha akainama kukaza utepe wa gongo lake kuukuu.

"Shoga, usininunie bwana!" Radi alimtania.

"Sijanuna. Utepe tu unaachia."

Golikipa alimvuta Nahodha kando. "Hivi wewe, kabla ya mechi ile Radi alifunga lini?"

Nahodha alijaribu kukumbuka mabao ya Radi. Badala yake mabao ya Taratibu yakaanza kumjia: lile la siku ya mvua, lile la ugenini, lile lililowaokoa siku Radi alipokuwa mgonjwa. Karibu kila mechi bao moja, bila mbwembwe, hadi wakazoea. Aibu ikampanda.

Akamfuata Mwalimu. "Mwalimu, nimekosea. Nimnyang'anye Radi?"

"Kosa ni la Radi?"

"Hapana. Ni langu."

"Basi usimwadhibu yeye. Kaseme."

Kesho yake Nahodha alisimama mbele ya wenzake. "Mfungaji bora ni Taratibu. Niliangalia mechi moja, nikasahau msimu mzima. Nisamehe, mwenzangu."

Radi alilitazama gongo jipya, akashusha pumzi, akamnyooshea Taratibu. "Shika. Hata mimi nilijua."

Taratibu alilipokea polepole. "Nimekusamehe, Nahodha," alisema. "Ila jana mama yangu alikuwepo. Leo yuko kazini."

Nahodha aliinama chini. Aliliokota gongo kuukuu, utepe ukamnata vidoleni.

Mwalimu akamshika bega. "Anayefunga kwa kishindo, mwanangu, kila mtu atamwona. Anayefunga siku zote anahitaji mtu wa kumtazama tangu mechi ya kwanza. Msimu ujao, uwe wewe."