Zipu ya Mgongoni

"Nifunge zipu, Karin. Saa inakwenda."

"Sikufungi."

"Miezi kumi unanifunga kila Alhamisi. Leo umepatwa na nini?"

Tobin alikuwa amenipa mgongo katikati ya chumba changu cha kushonea, mikono ameilegeza kama mtoto anayesubiri kuvalishwa. Vazi lile nililishona mimi. Kitambaa kizito cheupe kisichokatwa na kisu, manyoya ya bandia mabegani, na kofia iliyoungana na shingo, inayofunika kichwa chote pamoja na masikio, ikabakiza macho tu. Zipu niliiweka mgongoni ili kifuani papendeze. Mtu peke yake haifikii, kufunga wala kufungua.

Mji wetu wote wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, ulimwita aliyemo ndani yake Bundi Mweupe, mlinzi wa mitaani asiyejulikana jina. Kwangu alikuwa Tobin Kubiak, fundi bomba, mchumba wangu. Jumamosi ile tulikuwa tufunge ndoa.

"Uliniapia hutalivaa tena," nikamwambia. "Baada ya yale ya baba."

"Niliapa, ndiyo. Lakini kuna mtu anawavizia mabibi nje ya maktaba. Soma mwenyewe."

Akanipa simu.

"Bundi, tunakutegemea wewe. Mama yangu anaogopa kurudisha vitabu. Polisi tumewapigia mara tatu, kimya."

Chini yake zilikuwepo jumbe nyingine tano kama huo.

"Mara ya mwisho, Karin. Kisha tunalichoma."

"Ulisema hivyo hivyo mwezi wa tisa."

Akachukua simu yake, akanipa mgongo tena.

Niseme ya baba. Kwetu, Desemba, ukiingia dukani huzimi gari. Unaliacha lingurume lisigande, unafunga mlango kwa ufunguo wa akiba. Wiki tatu nyuma, baba aliusahau ufunguo wa akiba juu ya meza yake, akaufunga mlango kwa mazoea, ufunguo mwingine ukabaki ndani ya gari. Alitoka dukani na maziwa, akavua glavu, akaanza kuuchokoa mlango kwa waya wa kutundikia nguo. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali, shali imemziba hadi chini ya macho. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, na majira yale saa hiyo giza limeshaingia.

Bundi alipita hapo. Akaona gari lililofunikwa theluji linanguruma, mtu aliyeficha uso, na waya. Akamfunga mikono kwa kamba za plastiki kwenye chuma cha kuwekea matoroli, akawapigia polisi, akaondoka. Bundi hangoji kuulizwa jina. Watu walipita, wakadhani ni mwizi aliyekamatwa na Bundi, wakampiga picha. Polisi walifika baada ya dakika arobaini. Baridi ilikuwa digrii ishirini chini ya sifuri.

Madaktari walikata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia.

Baba yangu, Orville Haugen, amepiga kinanda cha kanisa letu miaka thelathini na moja.

Tobin alirudi siku ile akiimba. "Leo nimekamata mmoja," akaniambia, akanigeuzia mgongo nimfungue. Zipu ilikuwa katikati simu ya hospitali ilipolia.

Tangu hapo tulikuwa kama watu wawili waliofungiwa ndani ya chupa moja. Aliniomba nisiseme mpaka harusi ipite. Nami nikanyamaza, kwa kuwa nilimpenda, na kwa kuwa sindano ilikuwa yangu. Kila alfajiri nilipiga magoti. Katika Sala ya Bwana nilifika "utusamehe makosa yetu", nikakwama hapo hapo kama gurudumu kwenye theluji. Sikuweza kusonga mbele, na kurudi nyuma niliona aibu.

"Ulianza kwa ajili yangu," nikamwambia. "Waliponipora mkoba kwenye kituo cha basi, nikavunjika mkono."

"Polisi walikuja baada ya saa mbili, Karin. Saa mbili. Uliniita mimi. Mtu afanye nini, akae?"

"Nilikuita uje unishike mkono. Sikumwita bundi."

"Nimesaidia watu."

"Umesaidia. Umegawa makoti. Umewasindikiza mabibi hadi kwenye basi. Umemkalia yule mlevi mpaka gari la wagonjwa likaja. Lipi kati ya hayo lisingewezekana ukiwa na sweta?"

Akawa anavutavuta manyoya ya begani.

"Moja tu ndilo lililohitaji vazi, Tobin. La baba. Usingemfunga mtu kisha ukamwacha kama angekuwa anaijua sura yako."

"Unadhani jambo hilo silali nalo?"

"Najua unalala nalo. Hata mimi."

Simu yangu ikalia. Baba. Nikaiweka sauti ya nje.

"Mwanangu, huyo kijana wako yuko hapo?"

"Yupo, baba."

"Mwambie aje kanisani saa kumi na moja. Nimepata namna ya kupiga wimbo wa kuingilia kwa vidole vinane. Kitu kibaya ni mkono wa kulia, unachelewa kama shemeji kwenye msiba. Nataka anigeuzie kurasa. Yeye ana mikono mitulivu."

Tobin alifumba macho.

"Nitamwambia, baba. Vipi leo, vinauma?"

"Vinauma vile visivyokuwepo. Ajabu, eh?" Akakohoa. "Nimejaribu tena kumwombea yule mtu. Siwezi kumwombea sawasawa. Nikifumba macho naona kofia tu. Ni kama kutuma barua bila anwani. Haya, msichelewe."

Simu ikakatika.

"Geuka," nikasema.

"Unanifunga?"

"Geuka."

Nikamvutia kofia kichwani, nikapandisha zipu polepole hadi kisogoni, nikaingiza kishikizo. Akageuka, ameshakuwa yule mwingine. Nikamwambia neno. Akainamisha kichwa upande mmoja.

"Nini? Husikiki."

Ndiyo kawaida yake. Ndani ya kofia ile mtu husikia pumzi yake tu. Nikachukua simu, nikamwandikia:

"Sitaifungua. Itafunguliwa na baba."

Akasoma. Akasoma tena. Mkono wa kulia ukapanda juu ya bega, wa kushoto ukapita kiunoni, akajizungusha kama mbwa anayetafuta mkia. Vidole vilikomea shubiri moja kutoka kwenye zipu.

"Karin, acha mchezo."

Nikaandika:

"Mkasi hauwezi, kitambaa nilikichagua mwenyewe. Unaweza kumwomba jirani akufungue. Ila utakuwa umemwonyesha jirani uso wako kabla ya baba."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Kwa muda mrefu manyoya ya mabegani yalipanda na kushuka. Mwisho akasema kwa sauti ya mtu aliye kisimani:

"Endesha wewe. Humu sioni pembeni."

Kwenye taa za barabarani mama mmoja alimtambua, akapiga honi, akamwinulia kidole gumba. Bundi hakuinua mkono. Nilishika usukani, nikaomba bila maneno.

Kanisani taa ilikuwa moja, ya kwenye kinanda. Baba alikuwa amevaa sweta lake la kijivu, vidole viwili vina bandeji. Alipotuona aliacha kupiga. Mkono wa kulia aliuficha kwapani, bila kufikiri, kama mtu anayekinga jeraha.

"Karin," akasema taratibu, "sogea mbali na huyo."

"Niko naye, baba."

Tobin akapita mbele, akampa baba mgongo, akapiga magoti kwenye zulia.

"Mzee Haugen. Nakuomba unifungue."

"Anasema nini? Sisikii kitu."

"Hata yeye hakusikii vizuri," nikasema. "Ile siku pia hakukusikia."

Baba akainama hadi kwenye sikio la ile kofia.

"Nilikwambia gari ni langu," akasema kwa nguvu. "Nilisema mara saba, mara nane. Nikasema, kijana, glavu zangu ziko chini, nivalishe basi, vidole vyangu hivi ndivyo ninavyosali navyo kwenye kinanda."

Mgongo mweupe ulitikisika. "Sikusikia, mzee. Niliona mdomo unatembea ndani ya shali. Nikadhani unanitukana."

Baba akainua kichwa. Nadhani sauti ilimfikia hapo, hata kwa kupitia kitambaa, maana aliitazama ile mikono iliyolala juu ya magoti. Mikono mitulivu. Akakaa kwenye benchi la kinanda.

Kisha akanyoosha mkono wa kulia. Kidole chenye bandeji kikateleza kwenye kishikizo. Akajaribu tena. Nikasogea kumsaidia.

"Kaa hapo hapo," akaniambia. "Wewe ulijua?"

"Nilijua, baba. Nililishona mimi."

Mkono wake ukasimama pale kisogoni. Sijui ulisimama kwa muda gani. Nilijua kwamba akiurudisha nyuma, sina baba na sina mume, na nitakuwa nimestahili.

Akaubadilisha mkono. Kwa ule wa kushoto akafungua kishikizo, akaivuta zipu, jino kwa jino, hadi chini. Tobin akatoa kichwa. Nywele zilimlowa jasho, uso umemwiva. Hakuthubutu kugeuka.

"Geuka nikuone," baba akasema.

Akageuka.

"Ndiyo wewe."

"Ndiyo mimi, mzee."

"Kesho asubuhi tunakwenda polisi. Nitakaa kiti cha pembeni yako. Utakwenda na uso wako."

"Ndiyo, mzee."

"Na harusi si yangu kuiamua. Ila binti yangu ataolewa na mtu ninayeweza kumwombea kwa jina."

"Harusi ingoje," nikasema. "Mpaka mahakama iseme."

Tobin akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mzee, na mabibi wa maktaba? Inafungwa saa kumi na mbili."

Baba akainuka, akachukua koti lake kwenye msumari, akamtupia.

"Vaa hilo, usije ukaganda na fulana yako. Mimi nina shali. Tutawasindikiza. Watu watatu tunatosha."

Tukaenda. Aliyekuwa akivizia hatukumwona. Tuliwapeleka mabibi wanne hadi kwenye magari yao, mmoja akamuuliza Tobin kama yeye ndiye fundi aliyemzibia bomba la jikoni. Akasema ndiye.

Hakimu alimpa miezi sita ya kuhudumia jamii. Tulioana mwezi wa tano, bado barafu inaelea ziwani. Baba alipiga wimbo wa kuingilia, na Tobin, katika suti yake, alimgeuzia kurasa kwanza ndipo akaja kusimama mbele. Mkono wa kulia ulichelewa, kama alivyosema. Kanisa zima lilishika noti, likamngoja, mstari baada ya mstari. Nilitembea kwa mwendo wa vidole vile.

Kwenye Sala ya Bwana, tulipofika "utusamehe makosa yetu", nilimsikia baba kutoka kwenye kinanda akisema maneno yanayofuata, "kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea", kwa sauti kubwa kuliko wote. Nami nikayasema.