Pengo Katika Habari za Jumapili

Kila Jumamosi jioni Akeyo alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kumpokea baba yake kofia na daftari. Baba yake, Lazarus Amolo, alikuwa karani katika shamba la chai huko Kericho. Wiki nzima aliita majina ya wachumaji asubuhi na kupima vikapu vyao mchana. Lakini Jumamosi alipanda hadi nyumba ya meneja kuchukua maagizo ya wiki iliyofuata. Huko alisimama barazani, kofia kwapani na kalamu mkononi, akaisikiliza redio.

Ilikuwa mwaka wa 1931. Shamba zima lilikuwa na redio moja tu, na watu wengi waliiita simu ya upepo. Kila Jumamosi saa kumi na moja, Mzungu fulani aliyekuwa Nairobi alisoma habari za juma zima kwa Kiingereza. Jina lake halikujulikana kampini, kwenye makazi ya wafanyakazi. Kabla ya kuanza alikohoa mara mbili, kuhu, kuhu, na Lazarus alikuwa mwaminifu hata kikohozi hicho alikileta kampini pamoja na habari. Basi watu wakamwita Bwana Kikohozi, na mama mmoja wa kanisani alikuwa akimwombea apone.

Jumapili saa nane, baada ya ibada na kabla ya mvua, watu walikusanyika uwanjani mbele ya stoo. Walikuwako Wajaluo waliotoka kando ya ziwa, Wakisii, Wakikuyu mafundi wa mbao, na hata majirani Wakipsigis waliokuja kuuza maziwa wakaamua kubaki. Lazarus alipanda juu ya sanduku tupu la chai, akakohoa mara mbili, akafungua daftari na kuwaeleza kwa Kiswahili yote yaliyotokea duniani.

Yote, isipokuwa yale yaliyoliwa na radi. Kericho ni nchi ya ngurumo, na jioni nyingi redio ya meneja ilikwaruza vibaya sana. Palipokwaruza, Lazarus alichora mstari mtupu katika daftari lake. Siku ya pili, alipoufikia, aliwaambia watu ukweli.

"Meli kubwa imezama karibu na… hapo palikwaruza. Sikusikia."

Watu waliguna. Nyamweya, mchumaji mrefu Mkisii aliyependa mzaha, ndiye aliyeguna kwa sauti kubwa zaidi. "Karani, kila Jumapili unatuletea nguo yenye matundu!"

"Si ushone kidogo tu," akadakia Joram, fundi seremala.

"Mimi ni mbebaji," Lazarus aliwajibu. "Nilichopewa ndicho nilicholeta."

Akeyo, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliona aibu kila aliposikia minong'ono hiyo. Alimpenda baba yake sana, lakini yale mapengo yalimuudhi. Alijiambia kwamba kama angekuwa yeye juu ya lile sanduku, watu wasingeguna hata mara moja.

Basi siku moja akapata nafasi. Jumamosi hiyo Lazarus alirudi amelowa chapachapa, na Jumapili asubuhi alipofungua kinywa ili asalimie, sauti haikutoka. Mama alimpa maji ya moto na asali, akamfunika blanketi. Saa saba na nusu Lazarus alimwita binti yake kwa kidole.

"Leo utasoma wewe," alinong'ona kwa taabu. "Soma kilichoandikwa. Ukifika kwenye mstari mtupu, sema palikwaruza. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Akeyo alikwenda uwanjani mbio, daftari kifuani. Alipanda juu ya sanduku, akatazama vile vichwa vyote, akakohoa mara mbili. Watu walicheka na kupiga makofi, na hofu yake yote ikaisha. Alisoma habari ya daraja jipya la reli, kisha ya mwanariadha aliyeshinda mbio Ulaya. Kusoma alijifunzia shule ya kanisa, na alisoma vizuri, bila kujikwaa.

"Nzige wameonekana tena," akaendelea. "Kundi kubwa mno limetua…"

Mbele yake palikuwa na mstari mtupu.

Uwanja mzima ulisogea karibu na sanduku. Watu wale wote walikuwa na mashamba kwao, na nzige hawakuwa habari ya kuchezea. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Akeyo namna ile.

"Wametua wapi?" Nyamweya aliuliza. "Na wewe usituambie ati palikwaruza!"

"Wapi, mtoto? Sema!" Joram alipaza sauti.

Akeyo aliinua macho. Mbele kabisa alisimama Joab, jirani yao, ambaye kila siku alikuwa akisimulia habari za kwao Asembo, kando ya ziwa, hata watoto wa kampi walilijua jina hilo kama majina yao wenyewe. Ndilo lililomjia Akeyo mdomoni.

"Asembo," akasema.

Watu walivuta pumzi pamoja. Akeyo alimalizia habari zilizobaki haraka haraka, akashuka.

"Huyu anamshinda baba yake!" Nyamweya aliwaambia wenzake. "Habari yake haina tundu hata moja."

Akeyo alirudi nyumbani akiruka ruka. Alimwambia baba yake kwamba mambo yalikwenda vizuri, akaenda nyuma ya nyumba kuosha vyombo huku akiimba. Sufuria ya kwanza ilikuwa haijaisha alipomwona rafiki yake Apiyo akija analia. Apiyo alikuwa binti wa Joab.

"Baba ameondoka," Apiyo alisema. "Amechukua blanketi na sufuria, ameshika njia ya kuteremkia Soin, bondeni. Anakwenda Asembo."

"Kwenda kufanya nini?"

"Kwani hukusoma wewe mwenyewe? Nzige! Mtama wetu umekaribia kuvunwa, na nyanya yuko peke yake. Nani atapiga debe awafukuze? Mama amemsihi angoje kesho aombe ruhusa, amekataa. Akeyo, wakimkamata je?"

Akeyo alisimama na sufuria mkononi, maji yakimdondokea miguuni. Siku zile mfanyakazi alibeba kipande, yaani cheti chake cha kazi, shingoni, na aliyeondoka shambani bila ruhusa ya meneja alihesabiwa mtoro. Mwaka uliopita mtu mmoja wa kampi yao, Okello, alikamatwa njiani hivyo hivyo akafungwa miezi miwili. Aliporudi alikuwa amekonda hata mbwa wake alimbwekea. Sasa Joab alikuwa anaelekea huko huko, kwa sababu ya neno moja ambalo Akeyo alilitunga mwenyewe ili asigunwe.

Kwa muda mfupi aliwaza kunyamaza. Nani angejua? Daftari lilikuwa la baba yake, na radi haina shahidi. Halafu alimtazama Apiyo aliyekuwa akijifuta machozi kwa upindo wa gauni, akaitupa sufuria na kukimbilia ndani.

"Baba, nimedanganya," akasema. Alieleza yote kwa pumzi moja.

Lazarus aliketi kitandani. Alifungua kinywa apige kelele, ikatoka hewa tupu. Kama angekuwa na sauti yake ya kuita majina, Joab angemsikia hata akiwa bondeni. Alimshika binti yake mkono, akamwonyesha dirishani chuma cha reli kilichoning'inia mbele ya ofisi, kando ya stoo.

"Kagonge," akanong'ona. "Gonga mpaka arudi."

Chuma hicho kiligongwa na mnyapara peke yake, alfajiri, kuwaita watu kazini. Kikigongwa Jumapili, maana yake ni moja: kiwanda kinaungua. Mtoto aliyekigusa alichapwa. Akeyo alikimbia, akaokota nati kubwa iliyotumika kukigongea, akapiga. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu. Akashika kwa mikono miwili, akapiga tena na tena, na mlio ukashuka juu ya michai hadi mtoni.

Kampi nzima ilifumuka. Wanaume walikuja mbio na ndoo, wanawake na watoto mgongoni. Nyamweya alifika na karai la maji, nusu yake ikiwa imemwagikia suruali yake ya kanisani.

"Moto uko wapi?" mnyapara Bogonko alifoka. "Ni nani amekuruhusu, wewe?"

"Baba," Akeyo alisema akihema. "Hakuna moto. Ninamwita baba yake Apiyo."

Wakati huo Lazarus alitokea amejifunga blanketi, akasimama kando ya binti yake. Hakuweza kusema kitu, lakini aliinua mkono, na Bogonko, ingawa alikuwa amefura kwa hasira, akanyamaza. Akeyo aliendelea kugonga huku akiitazama ile njia nyembamba katikati ya michai. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Alipiga hadi mikono ikamfa ganzi, na njia ilikuwa bado tupu.

Mara Apiyo akapiga yowe. Mtu alikuwa anapanda mlima mbio, mzigo begani, sufuria ikigonga mgongoni, kwanga, kwanga. Alikuwa Joab. Akeyo aliiachia ile nati ikaanguka chini. Alitaka kucheka na kulia vyote pamoja.

"Mtoto wangu yuko wapi?" Joab aliuliza, jasho likimtiririka. Apiyo alimkumbatia kiunoni. "Nilidhani mnaungua wote. Nini kimetokea?"

Akeyo hakungoja kuambiwa. Alipanda juu ya sanduku, safari hii bila kukohoa.

"Katika daftari hakuna neno Asembo," akasema. "Pana mstari mtupu. Pale palikwaruza, Baba hakusikia. Asembo nimeitia mimi mwenyewe."

Hakuna aliyeguna. Ingekuwa afadhali wangeguna.

"Rudia, nyathina, mtoto wangu," Joab alisema. "Pole pole."

Akarudia.

Joab aliteremsha mzigo wake na kuukalia. "Kwa hivyo nzige hawako Asembo?"

Akeyo alitamani sana kumwambia kwamba hawako. Lilikuwa neno dogo, na lingempendeza kila mtu. "Sijui," akajibu. "Wanaweza kuwa huko, wanaweza kuwa kwingine. Hakuna mtu hapa anayejua. Nisamehe, Baba Apiyo."

"Mtoto mwongo huyu!" Joram alianza. "Tulimwamini, kumbe…"

"Wacha, Joram," Nyamweya alisema. Alikuwa ameliweka karai chini. "Nani alimwambia asiseme palikwaruza? Si mimi? Na wewe ulikuwa unapiga kelele nyuma yangu."

Joram aligeuka, akamwaga maji ya ndoo yake chini.

Joab alikuwa anafuta uso kwa mkono, na watu walipomtazama vizuri waliona anacheka. "Nilikuwa nimefika darajani," akasema. "Askari amesimama pale pale na bunduki. Nimejificha kwenye matete nangoja ageuke, mbu wananila, najiambia akigeuka tu naruka. Akageuka! Nikainua mguu mmoja, na chuma kikalia." Akavuta pumzi ndefu. "Wajua, ningekuwa nalala kwenye sakafu ya simenti leo. Asante, Akeyo. Umenitia taabuni, halafu umenitoa. Ila usirudie tena."

Hapo watu wote walicheka, hata Bogonko, ambaye baadaye alikana kabisa kwamba alicheka. Mama yake Apiyo alikuja akampokea mumewe ile sufuria, akaenda nayo nyumbani kuipikia ugali.

Kesho yake lori la shamba lilikwenda Kisumu. Lazarus alimpa dereva, Kepher, barua ya kumfikia mwalimu mmoja wa Asembo, na siku ya Ijumaa Kepher akarudi na jibu. Mtama ulikuwa umesimama, na wasumbufu walikuwa ndege tu, kama kila mwaka. Nyanya yake Apiyo aliongeza kwamba ana nguvu za kutosha za kupiga debe mwenyewe. Joab aliisoma barua hiyo mara tatu, akaenda kuwasomea majirani mlango kwa mlango.

Jumapili iliyofuata sauti ya Lazarus ilikuwa imerudi, ingawa ilikwaruza kidogo, na Nyamweya alisema sasa amekuwa redio kamili. Lakini walipofika uwanjani Lazarus hakupanda juu ya sanduku. Alimpa Akeyo daftari.

"Baba, siwezi. Hawataniamini."

"Ndiyo sababu utasoma."

Akeyo alipanda. Akasoma habari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu walisikiliza kwa mashaka, mikono kifuani. Habari ya nne ilihusu mvua kubwa iliyovunja nyumba.

"Mvua hiyo ilinyesha…" Akautazama mstari mtupu. "Hapa palikwaruza. Sijui ni wapi."

Alingoja kugunwa. Nyamweya alifungua kinywa, akamtazama Joab, akakifunga.

"Tumesikia," Joab alisema. "Endelea."

Akeyo alisoma hadi mwisho, na aliposhuka, mwili wote ulikuwa mwepesi. Baba yake alimwekea mkono kichwani.

"Mnaona lile pengo?" Lazarus aliwaambia watu. "Nalo ni habari. Linawaambia hadi wapi mimi najua. Nikilijaza ili mnipigie makofi, hamtajua tena lipi nililisikia na lipi nililitunga, na yote mtayatupa."

Joab aliinuka, akashika kile kipande chake kilichoning'inia shingoni. "Mimi nitasema kama mtu aliyekuwa kwenye matete," akasema. "Leo mtoto huyu ameniambia 'sijui' mbele ya watu wote, bila kuficha. Basi siku akiniambia 'najua', nitafunga mzigo."