Huyu Ni Mchumba Wangu, Si Teja

Nondo ilimpata begani kabla hajageuka. Fundi wa kuchomelea akaangukia geti alilokuwa akilipiga msasa.

"Teja haoi dada yangu," alisema kaka wa mchumba wake, dereva wa lori, akiinyanyua tena. "Nimekuona leo kwenye foleni ya mateja wenzako."

"Nilikwenda kliniki kunywa dawa ya kuacha unga, kaka. Miezi minane sijaugusa. Natibiwa."

"Dawa ya teja ni hii."

Mkono ukavunjika. Barabarani watu walisimama kutazama. Mmoja akasema, "Mwacheni amalize, kwani si teja tu huyo?"

Mchumba mtu alikuwa akishona nguo kwenye duka la pili. Alifika mbio, futi ya kupimia ingali shingoni, akajitupa katikati. Nondo ilikwisha kushuka. Ikampasua paji la uso.

Dereva aliona damu ya dada yake, akaitupa nondo. Akawapakia wote wawili kwenye lori hadi hospitali.

Nesi alimshona dada upesi. Alipofungua faili la fundi na kuona anatibiwa uraibu, uso ukambadilika.

"Huyu mla unga atasubiri. Hawa hujiliza ili wapewe sindano."

"Nesi, mfupa unaonekana," dada alisema.

"Usinifundishe kazi."

Saa mbili zikapita. Fundi akainuka, jasho likimtiririka, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

"Miezi minane, mpenzi. Utaitupa kwa ajili ya mdomo wa nesi?"

"Maumivu nayaweza. Ila kule kijiweni hakuna anayeniita teja. Wananiita fundi."

Dada akamshika shati. "Basi nitakufuata hukohuko na nyuzi zangu kichwani. Nimekuchagua wewe." Akamgeukia nesi. "Huyu ni mchumba wangu, si teja, na hatoki hapa bila kutibiwa."

Dereva, aliyekuwa ameinama kwenye benchi, akasimama.

"Nesi, andika. Amepigwa na shemeji yake, tena kwa nyuma. Mimi ndiye. Mwite daktari, halafu waite polisi."

Daktari alikuja. Polisi nao.

Wiki ya tatu ujumbe uliingia kwenye simu ya dada. Kaka alikuwa ameachiwa kwa dhamana.

"Mkono wa shemeji unaendeleaje? Naomba mnisamehe, mfute kesi."

Dada aliusoma ujumbe kwa sauti.

"Mkono unaunga," fundi alisema. "Mjibu hivyo."

Aliandika: "Unaunga. Kesi hatufuti. Harusi Jumamosi."

Jumamosi, bwana harusi alipitia kwanza kliniki kunywa dawa yake, suti ikiwa mwilini, na bibi harusi alimsubiri nje. Kovu lake hakulipaka poda.

Kaka alisimama mlangoni mwa ukumbi, hathubutu kukanyaga ndani. Dada akamwendea.

"Ingia," alisema. "Lakini utakaa nyuma."

Akaingia, akakaa nyuma.