Ubavu wa Chesamo

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Jua likielekea kuzama, Mzee Gibson alirudi kutoka kituo cha kuuza majani chai, nje kidogo ya Sosiot, akamkuta ng'ombe wake Chesamo amelala nyuma ya boma akihema kwa shida. Ubavu wa kushoto ulikuwa umenyolewa, ukakatwa, kisha ukashonwa kwa uzi mweusi. Kabla ya kupambazuka alikuwa amekufa.

Chesamo alikuwa wa marehemu Rodah, mkewe Gibson, aliyefia kwenye benchi ya zahanati akingoja daktari ambaye huonekana tu siku ya mgeni wa serikali.

Asubuhi vijana wenye mishale walikuwa wameshahukumu. Ni Calvince, jirani kutoka upande wa ziwa, fundi wa kiwanda cha chai. Wiki iliyopita Chesamo alikula sukuma wiki yake, naye akaapa mbele ya watu kwamba ataitoboa hiyo ng'ombe.

"Mpaka jioni awe amehama," wakasema. Nyumba za watu wa ziwa zilizochomwa mwaka wa tisini na mbili hakuna aliyezisahau. Naibu wa chifu akasema ameachia wananchi. Kazi ya wakubwa ni hiyo, kuachia wananchi.

Konstebo Syprose alifika kwa miguu, maana gari la kituo cha polisi halikuwa na mafuta. Akaanzia kwa Calvince.

"Ulisema utaitoboa?"

"Nilisema, afande. Nikikasirika hata bibi yangu namwambia nitamrudisha kwao. Huu ni mwaka wa tisa."

"Jaribu uone," akasema Molly, mkewe. Mikono yake ilikuwa tayari inafunga godoro kwa kamba.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa mashine ya kukausha majani. Uliza wenzangu."

"Wenzake ni watu wa kwao," kijana mmoja akadakia. "Watamtetea."

Syprose akamgeukia Kipkurui, mwenye bucha, ambaye kila mtu anajua hununua nyama bila kuuliza imetoka wapi.

"Mimi niache nyama yote hii, afande? Na nishone? Mimi nikitoboa, ni supu."

Wengine wakacheka. Gibson hakucheka.

Syprose akachuchumaa kando ya mzoga. Akapapasa pembe, shingo na miguu. Hakuna alama ya kamba. Kwenye nyasi, karibu na kichwa, chembe za chumvi. Akamwomba Kipkurui apasue tumbo mbele ya watu wote. Damu nyingi iliyoganda ikatoka.

"Mfuko wa uzazi uko," akasema Kipkurui. "Kile kifuko cha mayai cha upande huu ndicho hakiko. Kimekatwa."

"Ovari," akasema Syprose. "Mzee, kuna mtu aliwahi kuitaka hii ng'ombe?"

"Daktari Kiplangat, wa utafiti wa mifugo, huko Londiani. Alisikia ilizeeka ikaacha kuzaa miaka mingi, halafu ikazaa tena. Nikamkatalia. Ni ya Rodah."

"Ilikuwa pole?"

"Pole? Ilinivunja kidole. Ilikubali Rodah peke yake. Alipokufa, ikakubali Chelimo..."

Akageuka. Chelimo, binti yake, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka Siongiroi, alikokuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto.

"Chelimo," akasema Syprose, "ng'ombe huyu hakuangushwa wala kufungwa kamba, kwa hivyo lazima kuna mtu anayemwamini aliyemshika kichwa akikatwa. Jana ni nani alimpa chumvi?"

Chelimo akaangalia godoro la Molly, ng'ambo ya ua.

"Achaneni na Calvince. Ni mimi nilimshika. Baba akiwa kwa majani."

"Kwa nini, mama?" akauliza Gibson.

"Daktari alisema ni kitu kidogo kama haragwe, hatasikia. Baba, wanasoma vitabuni kwamba mwanamke, hata ng'ombe, huzaliwa na mayai yake yote, yakiisha basi. Yeye anaamini ndani ya ovari kuna seli za kutengeneza mengine. Kama chai, unaikata mpaka kisikini na inachipuka. Akizipata kwa Chesamo, atazitafuta kwa wanawake. Aanze na mimi."

Vijana wakaondoka mmoja mmoja, bila kusema pole kwa Calvince. Gibson ndiye aliyekwenda kusema, na Molly akamwacha asimame kitambo kabla ya kufungua ile kamba.

Alhamisi Daktari Kiplangat akaletwa na mkubwa wake, kwa gari ambalo mafuta yake hayaishi.

"Mshipa uliachia," akakiri mbele ya Syprose. "Nilidhani nimeufunga. Wakubwa walitaka matokeo kabla ya Aprili, la sivyo kazi ifungwe. Samahani, mzee."

"Faili itashughulikiwa juu," mkubwa akasema. "Huyu amehamishwa. Twende."

Chelimo akashika mlango wa gari.

"Daktari, zile seli ulizipata?"

Kiplangat akamtazama mkubwa wake.

"Hiyo ni mali ya kituo cha utafiti," mkubwa akasema, akawasha gari.

Gibson, ambaye tangu jana hakuwa amesema na binti yake, akaenda akasimama mbele ya lile gari.

"Mtoto amekuuliza, daktari. Zilikuwako, ama hazikuwako?"