Picha ya Saba

Kila Jumatano baada ya vipindi, Klara alifagia chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya dirishani. Katika darasa la saba lote, Mwalimu Mansuri alimruhusu yeye peke yake kuifungua. Wenzake walimwita Fundi. Alijifanya hapendi jina hilo, lakini alilipenda mno.

Mwezi wa pili, yeye na mwalimu walisimama ng'ambo ya bonde wakapiga picha saba za mteremko wa kijiji chao, juu kidogo ya Mlola. Kila picha ilirudia sehemu ya ile iliyoitangulia, ili programu ya kompyuta ipate mahali pa kuziunganisha ziwe picha moja pana. Mashamba yote yalionekana, pamoja na masale yaliyopandwa mipakani.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi mteremko ukaporomoka. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu, lakini mashamba kumi na moja yaligeuka tope tupu na masale yote yakasombwa. Wiki haijaisha, majirani wakaanza kushikana mashati.

"Mpaka wangu ulikuwa hapa!"

"Hapa pa nani? Shamba la baba yangu hili!"

Ndipo mwenyekiti wa kijiji alipoikumbuka picha ya shule. Akaitisha mkutano Jumatatu, watu waione na mipaka ichorwe upya. Wote walifurahi, isipokuwa Klara. Picha hazikuwapo tena.

Mwezi wa tatu alikuwa ameijaza kompyuta video za kwaya bila ruhusa. Programu ilipokuwa ikiijenga picha pana hatua kwa hatua, ikakwama njiani kwa kukosa nafasi. Badala ya kufuta kwaya zake, Klara alizifuta zile picha saba. Faili ya mradi ilibaki, naye akaamini kwamba picha zimo ndani yake. Kumbe faili ya mradi ni maelezo tu ya picha ipi iungane na ipi. Maelezo ya kupika makande hayajamshibisha mtu. Mwalimu alipouliza mbona kazi haikuisha, Klara alijibu kwamba umeme ulikatika. Sasa hata kadi ya kamera ilikuwa imejaa picha nyingine, za siku ya wazazi.

Jumapili baada ya ibada, jirani yao mjane, Mama Dorkasi, alikuja nyumbani kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia hiyo picha uliipiga wewe. Baba Dorkasi nilimzika kando ya migomba, na sasa sijui hata nisimame wapi nimlilie. Kesho utanionyesha, eh?"

"Ndiyo, mama," Klara akajibu. Siku hiyo hakula. Alitamani lile tope lingemfunika yeye.

Jumatatu asubuhi watu walijaa nje ya chumba cha kompyuta. Mwalimu Mansuri akaifungua faili ya mradi.

"Umeme ulipokatika, hatua zilizokwisha kujengwa huenda ziliharibika," alisema. "Nitazifuta zote, tuanze mwanzo."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Klara angenyamaza, lawama ingeangukia mashine. Lakini dirishani alimwona Mama Dorkasi, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mwalimu, hakuna mwanzo," alisema, machozi yakamtoka. "Umeme haukukatika. Nilizifuta picha mimi."

Mwalimu aliuondoa mkono wake taratibu. "Na hizi faili za hatua, ulizigusa?"

"Hapana. Sikujua ni za nini."

Zilikuwa sita, zenye majina ya ajabu ajabu. Zilikuwa picha zilizokwisha kunyooshwa na kuwekwa mahali pake, zikingoja kuunganishwa tu.

"Ningebonyeza, hizi nazo zingekwenda," mwalimu alisema. Akazifuta video za kwaya, akaendesha hatua ya mwisho tu, ya kuziunganisha.

Picha ikatokea, mashamba na masale yake. Upande wa kulia tu ulikuwa mweusi, kwa sababu picha ya saba haikuwahi kujengwa. Huko ndiko lilikokuwa shamba la Mama Dorkasi. Bahati nzuri, picha ya sita ilionyesha masale yaliyomtenga na jirani yake, Mzee Khalfani, na upande wa pili shamba lake liliishia kwenye kijito. Mpaka wake ukapatikana. Kaburi halikupatikana.

Mama Dorkasi aliweka kidole kwenye ule weusi. "Alikuwa hapa," alisema.

"Nisamehe, mama. Ni mimi."

Mama huyo akaondoa kidole. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini kumwona, ndiyo basi tena."

Watu walipokwisha kutawanyika kwa amani, mwalimu alimkalisha Klara kwenye benchi.

"Kufuta picha lilikuwa kosa la kutojua, na kosa la namna hiyo lina dawa likisemwa mapema. Siku ile uliponiambia umeme umekatika, picha zote saba zilikuwa bado kwenye kadi ya kamera, hapa mfukoni mwangu. Niliifuta wiki iliyofuata. Ungesema kweli siku ile, Klara, leo Mama Dorkasi angeliona kaburi la mumewe."