Kibendera cha Odeta

Siku moja ya Julai, mwaka 1995, soko la Mkuyuni lilifurika watu, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Mbele ya meza ya Bimdogo, mwuza vitambaa, mikono miwili ilishika kwa wakati mmoja kipande cha mwisho cha kitambaa chekundu.

"Nimetangulia, kaka," alisema Odeta, msichana mrefu aliyevaa gauni la kitenge lililofunika magoti ipasavyo.

"Dada, nina timu nzima ya kufunga vichwani," alijibu Venant.

"Nami nina mistari ya kulinda."

Bimdogo alicheka, akachukua mkasi. "Kipande kwa kipande! Msipoweza kugawana kitambaa, mtagawana nini duniani?"

Hapo ndipo walipotambua kwamba safari yao ilikuwa moja. Timu kutoka Kisumu, Jinja na Bukoba zilikuwa zimewasili Mwanza kwa mashindano ya mpira wa wavu ya kumheshimu Mwalimu Pius, kocha mstaafu aliyesifika pande zote za ziwa. Venant, fundi wa kinu cha pamba huko Misungwi, aliichezea Mwanza. Odeta alikuwa mwamuzi wa mstari, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Kila jioni baada ya michezo walitembea ufukweni, magugumaji yakinuka miguuni pao.

"Kibendera kikielekea chini, mpira umeingia ndani," Odeta alimweleza. "Kikiwa juu, umetoka nje. Nikiweka kiganja kwenye ncha, umetoka, lakini umeguswa, na pointi ni ya walioupiga."

"Nami nikiupiga nje, mpenzi, hutanihurumia?"

"Kibendera hakina mchumba."

"Na mwenye kibendera je?"

"Mwenye kibendera yuko kazini, bwana!" alisema, akageuza uso ili asionekane akitabasamu.

Mwalimu Pius alikuwa na kanuni moja isiyomo katika kitabu chochote: mchezaji aliyegusa mpira huinua mkono mwenyewe, bila kungoja kuulizwa. Wachezaji wa Mwanza waliishika kama amri ya Mungu.

Fainali ilikuwa kati ya Mwanza na Kisumu. Katika seti ya tano, Kisumu ikitangulia kwa pointi moja na kubakiza moja tu ishinde, mpira wao ulipita juu ya vidole vya Venant ukaanguka nje. Watu wa Mwanza walikwishaanza kushangilia. Odeta aliinua kibendera, akaweka kiganja kwenye ncha yake. Mkono wa Venant haukuinuka. Refa alifuata kibendera, na kombe likawa la Kisumu.

"Sikuugusa, Odeta!"

"Niliona kidole chako cha mwisho kikipinda."

"Umenitoa kafara ili watu waone hunipendelei!"

"Nami nilidhani nimempata mwanamume anayeinua mkono."

Odeta aliondoka huku akizomewa. Wengine walipaza sauti kwamba Kisumu walikuwa wamemhonga. Kila mmoja wa wapenzi hao alikuwa amesema ukweli wake, na kila mmoja alimwona mwenzake mwongo.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akinawa, Venant aliona ukucha wa kidole chake cha mwisho umepasuka na damu imekauka. Mashine ya kinu ilikuwa imekibana miaka miwili nyuma, na tangu hapo hakikuwa na hisia. Alikwenda mbio Posta, akapiga simu Nyegezi, nyumbani kwa Wilhelmina, shangazi yake Odeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfanya mwanangu alale bila kula?"

"Ndiye mimi. Naomba kuzungumza naye."

"Zungumza nami. Yeye yuko hapa, ananivuta khanga."

"Basi mwambie niliugusa mpira."

Simu ilibadili mikono. "Ulijua?" aliuliza Odeta.

"Kidole hiki hakina hisia, Odeta wangu. Leo ndipo nimeona damu."

"Usiniambie mimi peke yangu, Venant. Uwanja mzima umeniita mla rushwa."

Alasiri, wakati wa kufunga mashindano, waamuzi wa mstari waliitwa mbele. Mizomeo ilianza tena. Ndipo Venant, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, alipotoka mstarini akainua mkono wenye kidole kilichofungwa bendeji.

"Mpira niliugusa mimi!" alisema kwa sauti kuu. "Dada huyu aliona sawasawa."

Mwalimu Pius, ambaye macho yake hayakuona tena mbali, aliuliza, "Nani huyo?"

"Ni Venant, Mwalimu," Odeta alijibu. "Ameinua mkono."

"Amechelewa," alisema mzee. Kisha akaongeza, "Lakini ameinua."

Makofi yalianzia upande wa Kisumu, yakazunguka uwanja mzima. Mkono wa Venant ulibaki juu.

"Ushushe basi, watu wanatazama," Odeta alinong'ona.

"Nangoja uamuzi mwingine. Nataka kumtuma mjomba wangu Nyegezi na barua ya posa. Ndani, au nje?"

Odeta alikitazama kibendera chake chekundu, akakishusha polepole, hadi ncha yake ikagusa mstari.